Nyumba ya Kufuga

Yeyote atakayesema tena mbele yangu kwamba Fundi alijua, nitainuka niondoke, hata kama sahani haijafika. Juzi tu hapa Rumonge, kwenye arusi ya jirani, kijana mmoja ambaye hata baba yake hakuwa amezaliwa siku za Wadachi, yaani Wajerumani, alikaa akitueleza, kwa sauti ya mtu aliyeshuhudia, habari za "yule muzee aliyejengea Badachi jela." Watu wakatikisa vichwa. Nikakusanya kanga yangu, nikatoka. Mjukuu wangu akanifuata akiniuliza kama naumwa. Siumwi. Nina hasira, na hasira hii ina umri mkubwa kuliko mjukuu na mama yake wakijumlishwa.

Fundi hakuwahi kujenga jela. Alijenga nyumba za kuku, maisha yake yote, wala hakuna kingine alichotaka kujenga. Jina lake sitalitaja, limekwisha kuchafuliwa vya kutosha. Sisi tulimwita Fundi tu, na ulipotuma mtoto amwite Fundi, mtoto hakuuliza yupi.

Siku zile kuku wa Rumonge walilala popote. Wengine jikoni, wengine uvunguni mwa kitanda, wengine juu ya michikichi, na asubuhi ukakuta manyoya tu chini ya mti, kicheche amekwisha kwenda zake. Fundi hakuweza kuvumilia jambo hilo. Aliingia uani kwa watu bila kuitwa, akachungulia, akaanza kugomba. Siku ya kwanza alipoingia kwa mama mkwe wangu, mwanamke aliyeogopwa na mtaa mzima, alisimama mlangoni pa jiko akasema:

"Kuku yako inalala mu moshi, halafu unashangaa haitagi. Wewe lala humo mu moshi mwaka moja, tuone kama utazaa."

Nilijificha nyuma ya kinu nikingoja mwisho wa dunia. Mama mkwe alimtazama, akasema, "Basi jenga." Sijapata kumwona tena akishindwa vile.

Nyumba zake zilisimama juu ya miguu minne, na kila mguu uliingia ndani ya chungu kilichovunjika mdomo, chenye maji, kwa ajili ya siafu. Sakafu ilikuwa ya mapongoo ya mchikichi, ile mifupa ya makuti, yaliyopasuliwa, na kati yao nafasi nyembamba, uchafu udondoke lakini mguu wa kuku usizame. Kuta za matete, mlango wa kuinua juu, viota vya kutagia vilivyosukwa kama vikapu na kuwekwa upande wa giza. Na ndani, siku zote, fito mbili za kulalia, zimemenywa maganda na kulainishwa kwa jiwe, nene kama kidole gumba cha mtu mzima. Ufito wa juu kwa kuku vijana. Wa chini kwa wazee.

Hakupima kwa kamba wala kwa shibiri. Alikuja na kuku. Alikuwa na koo mmoja, kuku wa kutaga, mwekundu, mkubwa, mwenye dharau, aliyembeba kwapani popote alipokwenda kazini. Kuta zikishasimama, alimtia ndani na kumwambia, kwa heshima ambayo sisi binadamu hatukuipata kwake: "Geuka, mama." Kuku akageuka. Mkia ukigusa ukuta, Fundi alifungua kamba zote za upande ule na kuanza upya. Mwenye nyumba angelalamika kwamba jua linazama, lakini Fundi hakuwa na habari naye. "Wewe hautalala humu," alisema. "Huyu ndiye namuuliza."

Alisalimia kuku kwanza, watu baadaye. Aliwachukia paka. Nyumba yake mwenyewe ilivuja mahali patatu, na masika alihamisha mkeka kutoka kona hadi kona, naye akikuona unacheka alikwambia kwamba mtu ana akili ya kuhama, kuku hana. Nyama ya kuku hakula. Walimwita kuchinja kwenye kila shughuli kwa sababu kisu chake kilikuwa chepesi na hakikumtesa mnyama, lakini chakula kikishapakuliwa alikula wali kwa mchuzi wa ndagala, dagaa wetu wa ziwani, peke yake, mgongo umegeukia watu. Nilimwuliza siku moja mbona anachinja asichokula.

"Mi namukata, simuli," alijibu. "Mu-imamu anazika bantu, anabakula?"

Watu wa milimani walikuwa wakishuka na maharagwe yao sokoni, na wao hawakuwa wala-kuku kama sisi. Kwao kuku alikuwa kitu cha mpfumu, yule mwaguzi anayempasua na kusoma matumbo yake. Mpfumu mmoja alimwita Fundi juu huko amjengee nyumba ya kuku wake wanaongoja zamu. Fundi akapanda mlima, akajenga nyumba nzuri, miguu, vyungu, sakafu, kila kitu, lakini fito za kulalia hakutia. Mke wa mpfumu akauliza mbona. Fundi akamwambia: "Hizi hamuzifugi. Zinangoja kisu tu. Yenye kufugwa ndiyo inalala juu." Alirudi akatusimulia, na alikuwa hacheki.

Sasa nije kwenye kosa lake, maana alikuwa nalo, nami sitaki mtu adhani namtetea kwa kufumba macho. Fundi alikuwa na kiburi cha kusoma. Alisoma chuo cha Kurani Ujiji alipokuwa kijana, na mtaani kwetu waliojua kusoma barua walikuwa wachache sana: yeye, marehemu baba yangu, na mimi kidogo, kwa kuwa baba alinifundisha akiwa hana mtoto wa kiume. Mtu akipata barua alimpelekea Fundi. Naye aliishika mbali na macho, akaisoma kwa mbio, sauti juu, mara moja tu. Ukimwomba arudie sehemu fulani, alikukunjia barua yako na kukurudishia. "Mi ninasoma mara moja," alisema. "Masikio yako iko na kazi gani?"

Wajukuu zangu wanaandika kwa herufi za Kizungu, g ni g na ng ni ng, hawawezi kuelewa. Zamani zile Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na hapo herufi moja, ghaini, ilibeba mzigo wote, wa g na wa ng. Ile nuni inayotangulia, yaani n, wengi hawakuiandika, msomaji aliijaza mwenyewe kwa kuangalia habari inahusu nini. Kwa hiyo kufuga kuku na kufunga mtu viliandikwa sawasawa, herufi kwa herufi, irabu kwa irabu. Ukisoma barua ya mfugaji, ni kufuga. Ukisoma barua ya askari, ni kufunga. Na mtu ambaye miaka thelathini hakuwaza kitu kingine ila kuku, mnadhani atasoma nini?

Barua ililetwa na askari mmoja, kutoka kwa karani wa ombasha. Ombasha huyo, mkuu wa askari wachache waliowekwa Rumonge, alikuwa mtu wa mbali, na asubuhi ile alikuwa amekwisha kuondoka kwenda upande wa Gitaza kukusanya watu wa kazi. Fundi alikuwa uani kwetu akitengeneza mlango. Akaishika barua mbali na macho, akasoma: ajenge haraka, karibu na kambi, nyumba imara ya kufuga, yenye nafasi ya vichwa ishirini na zaidi, mtu aweze kusimama ndani.

Niliuona uso wake. Sijui kama arusi yake mwenyewe ilimpa furaha ile. "Serikali itafuga kuku!" alituambia. "Vichwa makumi mbili! Na mutu asimame ndani kwa kuokota mayai, bila kuinama. Kumbe hawa bantu iko na akili."

Mama mkwe akacheka. Mimi pia nikacheka. Hakuna hata mmoja wetu aliyesema, hebu soma tena. Neno vichwa halikutushtua, maana hata ng'ombe huhesabiwa kwa vichwa.

Alijenga siku nane. Alikata miti migumu, akaisimamisha, akasuka matete mara mbili. Alitia sakafu ya mapongoo. Alisuka viota kumi na viwili. Alimenya fito ndefu kuliko zote alizowahi kumenya, akazilainisha kwa jiwe jioni mbili nzima, akazifunga, za juu na za chini. Akamtia koo wake mwekundu, naye alitembea humo kama mke wa gavana. Ombasha aliporudi alitazama kwa nje, akatikisa ukuta kwa mkono, akaridhika, akaagiza kufuli.

Na sasa kazi yenyewe. Wadachi walikuwa wameamuru pwani ya ziwa ifyekwe, matete na vichaka vyote, kwa ajili ya mbung'o wanaoleta malale. Malale yalikuwa ya kweli, yalimchukua dada yangu akisinzia juu ya chakula, kwa hiyo sitasema kwamba amri haikuwa na maana. Lakini ilikuwa kufyeka kuanzia alfajiri, kwa viboko, wakati mashamba yanaota magugu. Wanaume wakachoka. Usiku mmoja sita kati yao walikimbilia milimani, na mume wangu akiwa mmoja wao. Asubuhi ombasha alikuja kuwachukua wake zao.

Tulikuwa wanawake sita na mtoto mmoja mchanga. Tulitiwa ndani ya nyumba ya Fundi, kufuli ikafungwa, tukaambiwa tutatoka waume zetu watakaporudi kazini. Siku nne, usiku tatu.

Nami nasema hivi, na nimengoja maisha yangu yote kulisema: kitu cha kwanza nilichogusa humo gizani kilikuwa ufito wa kulalia kuku. Niliupapasa. Ulikuwa laini, umemenywa, hauna hata kijiti cha kuchoma unyayo. Niliupata na ule wa chini, wa kuku wazee. Yule mwenye mtoto alimlaza ndani ya kiota, na kiota kilimtosha kama kilisukwa kwa ajili yake. Niambieni, enyi mnaojua kila kitu, ni mjenzi gani wa jela anayewawekea wafungwa mahali pa kutagia? Ni nani anayelainisha fito jioni mbili kwa ajili ya watu anaotaka kuwatesa? Aliyeingia humo hakuhitaji kuambiwa. Lakini waliozungumza sana ni wale ambao hawakuingia.

Siku ya pili Fundi alikuja. Tulimwona kupitia matete. Alikuwa na panga mkono mmoja na barua mkono mwingine, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa akiisoma barua mara ya pili, na ya tatu, midomo ikienda. Alimwambia ombasha:

"Hii nyumba iko ya kuku. Iko imeandikwa hapa. Tosha hawa bamama, batoke, ao minabomoa, kazi iko yangu."

Ombasha akamwita karani, karani akaitazama ile barua, akasema imeandikwa kufunga. Fundi akasema kufuga. Wakabishana pale juani juu ya herufi moja, na sisi ndani tukisikiliza, na wote wawili walikuwa na haki. Ombasha akacheka. Kisha Fundi akapita katikati yao, akaja ukutani kwetu, akaanza kukata kamba zake mwenyewe kwa panga. Alikata kamba mbili. Wakamshika, wakamlaza chini hatua kumi kutoka machoni petu, wakamchapa viboko mpaka alipoacha kusema neno kuku.

Hakuna aliyeyaona hayo ila askari na sisi sita. Wengine wote walikuwa ufukweni wakifyeka.

Waume zetu walirudi siku ya nne, tukatolewa. Na hapa ndipo hasira yangu inapokosa pa kukaa. Wale wanaume sita, waliokimbia wakatuacha tulipie, walihitaji mtu wa kulaumu ambaye si wao. Hawakuchelewa kumpata. Alijenga kwa siku nane akiimba. Alitia miti migumu. Alichapwa? Alichapwa kwa sababu alidai ujira zaidi, walisema, na wasiomjua wakaamini. Waliokuwa wa kwanza kutema mate alipopita ni hao hao waliolala milimani wakila maharagwe ya watu. Nyumba zake za kuku zilibomolewa moja baada ya nyingine, nzima, imara, na kuku wakarudi jikoni kwenye moshi. Hakuitwa tena kuchinja. Barua alipelekewa mtu mwingine, asiyejua kusoma vizuri.

Na sisi sita? Jioni niliyotoka, mama mkwe alinisugua kwa mchanga na maji ya ziwa, akaniambia: "Wewe ulikuwa kule Muhuta, kwa shangazi yako. Umesikia? Mwanamke aliyelala siku tatu mikononi mwa askari hana jina tena. Ulikuwa Muhuta." Kila nyumba kati ya zile sita ilikuwa na shangazi wake mahali fulani. Mji mzima ulijua, na mji mzima ulikubali kwamba hatukuwamo. Kumtetea Fundi kulikuwa kukiri kwamba nilikuwamo. Basi watu walipomsema kisimani, niliinamia ndoo yangu.

Miaka ilipita. Mwaka wa mwisho wa Wadachi, vita vikisikika kwa mbali upande wa pili wa ziwa, mama mkwe alikuwa amefariki, mume wangu alikuwa safarini, na mimi nilikuwa na kuku kumi na mmoja wanaoliwa na fungo. Nilikwenda mwenyewe kwa Fundi, mchana, watu wakiona, nikamwomba anijengee. Alikuwa amekonda. Hakuniuliza kitu. Kesho yake alikuja na kuku kwapani, koo mwingine, mweusi, maana yule mwekundu alikuwa amekwisha kufa.

Alifanya kazi siku mbili akizungumza na kuku tu. Mimi nilimshikia kamba. Siku ya pili alasiri alikaa kumenya fito, akaanza kuzilainisha kwa jiwe, na mimi nilipoona mikono ile sikuweza kuvumilia. Nilifikiri nampa zawadi. Nilifikiri nitamwondolea mzigo.

"Baba," nikamwambia, "mi najua hukujenga jela. Mi nilikuwa mule. Nilishika fito zako kwa mikono hii. Tulilaza mutoto mu kiota. Nilijua palepale iko nyumba ya kuku."

Jiwe likasimama.

"Ulikuwa mule," alisema.

"Nilikuwamo, baba."

"Na siku nilikuja na panga?"

"Nilikuona. Sote tulikuona. Ulikata kamba mbili."

Aliutazama ufito. Nilingoja alie, au acheke, au aseme alhamdulillahi.

"Mi nilifikiri hakuna mutu aliona," alisema mwishowe. "Miaka hii yote minajiambia, bale bamama mule ndani giza ilikuwa mingi, hawakuona kitu. Ndiyo maana hawasemi. Bangeona, bangesema."

Nilianza habari ya mama mkwe, habari ya Muhuta, habari ya jina la mwanamke. Alinisikiliza mpaka nilipomaliza, kwa adabu, kama mtu anayesomewa barua isiyo yake. Kisha akaweka jiwe mfukoni, akainuka, akamtoa kuku wake mle ndani na kumtia kwapani.

"Amahoro, mama," akaniaga kwa Kirundi, amani, akatoka uani.

Nilimfuata mpaka njiani. Palikuwa na wanawake wawili wanaanika ndagala, na mimi nikasimama mbele yao nikasema kwa sauti kubwa, ili na yeye asikie kabla hajapinda kona: mi nilifungwa mule, siku ne, na huyu muzee alichapwa akitaka kututoa. Mmoja akaendelea kutandaza samaki wake. Yule mwingine akaniangalia kwa huruma, akaniuliza, "Si ulikuwa Muhuta?"

Fundi hakugeuka. Fito zilibaki chini, mmoja umekwisha kulainishwa, mmoja bado.